Sindano ya Ishirini na Nne

Usiku wa Jumatatu, kama kila usiku,
baba alizihesabu sindano zake kabla ya kufunga kopo.
Ishirini na tatu.
Akarudia kwa ncha za vidole,
maana macho alikwisha kuacha kuyaamini.
Ishirini na tatu.
"Moja imetoroka," akasema,
kana kwamba itarudi yenyewe ikishikwa na njaa.

Tuliitafuta. Tulikung'uta mkeka, tukatikisa
lile joho la bibi harusi wa Delhi, tausi akiwa nusu.
Kaka yangu Tauqir alipitisha sumaku sakafuni
akaokota pini, misumari miwili,
na sarafu ambayo hata ombaomba wangeikataa.

Miaka arobaini na moja baba amekaa chini mbele ya kiunzi,
hapa Bareilly, chumba cha dirisha moja,
akidarizi kwa uzi wa dhahabu
nguo ambazo kwetu hakuna wa kuzivaa.
Chai glasi sita kwa siku, kila glasi vijiko vitatu:
tajiri ndiye aliyelipa, na cha bure hakikataliwi.
Daktari alipotamka kisukari, baba alicheka.
Ugonjwa gani huu wenye jina la peremende?

Hakuumwa popote. Ndiyo hila yenyewe.
Maumivu ni mbwa wa mlangoni,
na mwizi huyu alikuja miaka mingi
kumlisha mbwa tu, akaondoka.

Kwanza kiu. Kisha chooni mara nne kabla ya alfajiri.
Kisha dhahabu ikaanza kufanana na fedha.
Kisha asubuhi moja akainua mkono, akapapasa:
"Rukhsar, nani ametundika uzi mweusi hapa hewani?"
Hapakuwa na uzi.
Ilikuwa damu, ndani ya jicho la kushoto, ikielea.

Mama alificha sukari katika pipa la mchele.
Siku hizo baba akajitolea kuchagua mchele.

Alhamisi nilimwosha miguu.
Soksi ya kushoto ilikuwa na unyevu, nikadhani ni maji.
Chini ya wayo, palipo na nyama nene,
nikaona kitone cheusi, kidogo kama punje ya haradali.
Nikaleta kibano. Nikavuta.
Ikatoka polepole, ndefu, inang'aa bado,
na baba alikuwa akinieleza bei ya vitunguu.
Hakukatiza sentensi.

Siku tatu aliikanyaga.
Alikwenda nayo sokoni, akasujudu nayo msikitini,
akasimama nayo dukani saa nzima akidai malipo yake.

"Umeipata?" akauliza aliposikia nimenyamaza.
"Imepatikana."
"Wapi?"
Nikamwambia. Akanyoosha kiganja.
"Isafishe, irudi koponi. Hizi hazitengenezwi tena."

Sindano ilirudi. Vidole viwili havikurudi,
na mwezi uliofuata, cha tatu.
Jirani yetu Bundan aliingia hospitali kwa lengelenge
akatoka kwa kigari; baba alijua,
kwa hiyo alisaini haraka, kwa mwandiko mzuri, nje ya mstari.
Daktari akafunua karatasi nyingine: figo.
Akasema zinavuja kama chujio kuukuu.
Mama akauliza kama chujio linaweza kubadilishwa.
Daktari akatazama kalamu yake.

Sasa kila jioni nina kazi niliyofundishwa na muuguzi.
Ni kipande cha uzi wa nailoni, kigumu, mfupi.
Naugusisha wayo, mahali kumi, nauliza, naandika.
Baba hufumba macho kwa uaminifu, ingawa haina haja,
hukunja uso kama anayesikiliza redio ya mbali.

"Hapo," anasema. "Chini ya kidole gumba.
Nimeusikia vizuri kabisa."

Uzi bado uko mkononi mwangu.
Sijamgusa.